Mtungi Usiotiwa Maji

Mwaka 2019, katika jumba la sanaa la The Hepworth mjini Wakefield, kaskazini mwa Uingereza, vilipangwa vyungu zaidi ya 50 ambavyo havijawahi kutekewa maji wala kuinjikwa mafigani, na havitawahi. Aliyevifinyanga ni Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi. Maonyesho yalifunguliwa Februari, yakakaa hapo hadi Juni, kisha yakahamia Norwich, katika kituo cha sanaa cha Sainsbury, hadi Desemba. Mimi niliyakuta Wakefield, kwa sababu mwanangu anaishi Leeds na safari ya treni kutoka kwake hadi huko ni fupi. Mkewe ndiye aliyeona tangazo. "Baba," aliniambia, "wameweka vyungu vyako huko. Huendi kuvitazama?"

Kuviita vyangu alikuwa ananitania. Kwa miaka mingi nilifundisha sanaa na ufundi katika shule za sekondari mkoani Tanga, na kati ya yote niliyofundisha, ufinyanzi ndio uliokuwa na wanafunzi wachache na malalamiko mengi. Vijana walitaka kuchora. Udongo waliuona kazi ya akina bibi, na hawakupenda kwenda kula na matope kwenye kucha. Basi niliposikia kuna watu wanaopanda treni siku ya Jumamosi kwenda kutazama mitungi, nilivaa koti kabla chai haijaisha kikombeni.

Jumba lenyewe ni kundi la masanduku makubwa ya zege ya kijivu kando ya mto Calder, kazi ya msanifu majengo David Chipperfield, na lilifunguliwa mwaka 2011. Limepewa jina la Barbara Hepworth, mchongaji mashuhuri aliyezaliwa Wakefield mwaka 1903. Nje ni baridi na kelele za maji yanayoporomoka mtoni. Tuingie ndani.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona chombo cha Odundo hata pichani, kazi ngumu ni kumweleza kwa nini mtu asimame mbele ya chungu kimoja kwa robo saa. Vingi vina kimo cha nusu mita hivi. Rangi ni mbili tu: chungwa iliyokolea, inayokaribia wekundu wa udongo wa Lushoto baada ya mvua, na weusi. Vipo pia vyenye rangi zote mbili, moja ikiinyemelea nyingine ubavuni. Havina nakshi za maua wala michoro. Kitako ni chembamba mno, hata unajiuliza kinabebaje uzito wote ule wa juu. Kutoka hapo tumbo linafutuka, mara nyingine upande mmoja zaidi ya mwingine, kisha shingo inapanda, inainama kidogo, na mdomo unafunguka kwa upana usiotarajia. Kwenye mabega ya baadhi yake kuna vinundu vidogo vilivyochomoza, na kwenye migongo ya vingine kuna tuta jembamba linalopita katikati pale ambapo uti wa mgongo ungekaa.

Mjukuu wangu, ambaye hakuelezwa chochote na mtu yeyote, alizunguka chombo kimoja cheusi mara mbili, akaja kunishika mkono. "Babu, huyu ana mimba."

Nilimwambia ndiyo, anayo. Hakuna mhakiki aliyesema jambo la maana zaidi siku ile, na nilisoma vibao vyote ukutani. Odundo mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba anafinyanga akiufikiria mwili wa binadamu, hasa wa mwanamke: jinsi anavyosimama, anavyogeuza shingo, anavyobeba. Ile midomo mipana inayoelekea nyuma inakumbusha mitindo ya nywele ya wanawake wa Mangbetu, kaskazini mashariki mwa Kongo, ambao walizivuta nywele juu na kuzitandaza mfano wa taji. Ukishalijua hilo, unaanza kuona vichwa. Ukitazama tena, unaona vibuyu. Ukirudi mara ya tatu kimegeuka mtungi mtupu, tena mzuri, na nadhani hapo ndipo anapotaka tufike.

Sasa nieleze jinsi vinavyotengenezwa, kwa kuwa hapa ndipo nilipokaa zaidi, na ndipo wageni wengi walipopita haraka.

Odundo hatumii gurudumu la mfinyanzi, kile chombo kinachozungushwa kwa mguu au kwa umeme na kumsaidia mfinyanzi kuinua udongo. Anajenga kwa mkono. Anaanza na bonge la udongo mwekundu, analitoboa katikati kwa ngumi, anazivuta kuta zake juu kidogo kidogo, na pale udongo unapokwisha anaongeza pindi, yaani kamba nene ya udongo inayozungushwa na kubanwa juu ya ile iliyotangulia. Kisha anakwangua ndani na nje, hadi kuta zinakuwa nyembamba na alama za vidole zinapotea. Kati ya zana zake za kukwangulia kuna kipande cha kibuyu.

Kipande cha kibuyu! Nilipokisoma hicho nilicheka peke yangu. Shuleni kwetu nilikuwa nikimwalika bibi mmoja kutoka vijiji vya Korogwe aje kuwafundisha watoto, kwa kuwa mimi nilijifunza ufinyanzi chuoni, kwenye vitabu na kwenye gurudumu, na yeye aliujua tangu alipokuwa akitambaa. Alikuja na kikapu. Ndani mlikuwa na kipande cha kibuyu kilichochongwa ukingo, gunzi la muhindi, kitambaa kilicholowa, na jiwe la mtoni lililolainika kwa kutumiwa na mama yake kabla yake. Hakuwa na kingine. Alikaa chini, akaweka bonge juu ya kigae, akakizungusha kigae kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukifanya kazi. Chungu cha lita nne kilisimama kabla kengele ya kipindi haijalia. Wavulana wale wale waliokuwa wakilalamika walinyamaza kimya.

Baada ya kukwangua, Odundo anafanya jambo ambalo bibi yule hakulifanya kwa namna hiyo. Anatengeneza uji mwepesi wa udongo, anauacha utuame, chembe nzito zizame, kisha anachukua sehemu ya juu peke yake, ile laini kupita zote. Warumi wa kale walizipaka sahani zao nyekundu uji wa aina hiyo. Chombo kikishakauka kiasi, anakipaka uji huo na kukisugua kwa mawe na zana laini, anapaka tena na kusugua tena, kazi ya saa nyingi sana kwa chombo kimoja. Hakipaki kabisa ile rangi ya kioo iliyo kwenye vikombe vyetu vya chai. Mng'ao wote unaouona ni udongo uliosuguliwa hadi chembe zake zikalala upande mmoja. Vile vyeusi vinang'aa kama mbegu ya ukwaju iliyopanguswa, bila ule mmeremeto wa kioo, na jicho halichoki kuvitazama.

Kisha moto. Udongo wowote ukipita nyuzijoto 600 hivi hauwezi tena kurudi kuwa tope; umekuwa kitu kingine. Lakini rangi yake itategemea hewa. Udongo mwekundu una chuma ndani yake. Ukiuchoma katika joko lenye hewa ya kutosha, kile chuma kinashika oksijeni na kutoa rangi ile ya chungwa. Ukiuchoma tena huku umeunyima hewa, moshi unaitoa ile oksijeni na kaboni inaingia kwenye vitundu vya udongo. Chombo kinatoka cheusi tii. Odundo anatumia joko la gesi. Anachoma mara ya kwanza, chombo kinakuwa cha chungwa. Akikitaka cheusi, anakifungia ndani ya sanduku la udongo pamoja na vipande na maranda ya mbao, anakichoma tena, na mbao zinafuka humo humo bila njia ya kutoka. Akitaka mchanganyiko anaruhusu moshi uguse upande mmoja. Naam, "anaruhusu" ni neno la heshima. Hakuna mfinyanzi anayeuamrisha moshi. Vyombo vingine anavirudisha jokoni zaidi ya mara mbili, na kila safari ni nafasi nyingine ya kupasuka.

Bibi wa Korogwe alichoma uwanjani. Alipanga vyungu juu ya kuni, akavifunika kwa nyasi kavu na maganda ya miti, akawasha kutoka upande unakovuma upepo. Kwa muda usiozidi kipindi kimoja cha darasa kazi ilikuwa imekwisha. Vyungu vilitoka na mabaka meusi pale majivu yalipovifunika na wekundu pale hewa ilipopita. Mabaka yale ambayo yeye hakuyajali hata kidogo ndiyo Odundo ameyafanya somo la maisha. Kemia ni ile ile. Tofauti ni kwamba mmoja alitaka chungu kisichovuja, mwingine anataka baka likae mahali fulani pa bega.

Na yote mawili ni magumu. Nasema hivyo kwa kuwa nimewahi kufungua joko asubuhi nikakuta kazi ya darasa zima imekuwa vigae. Unyevunyevu uliobaki ndani ya ukuta mnene unageuka mvuke, mvuke unatafuta njia, na ukuta ndio unaolipa. "Wanangu, msivianike juani," bibi alikuwa akiwaambia. "Viwekeni uvunguni mwa kitanda, mvisahau." Chombo cha Odundo chenye tumbo la upande mmoja na kitako chembamba kina mtihani wa ziada: kila sehemu inakauka kwa kasi yake. Mtu asiyejua udongo anaona umbo zuri. Anayejua anaona pia hatari zote ambazo chombo kimezipita salama, na anamvulia kofia.

Amejifunzia wapi? Odundo alizaliwa mwaka 1950, na utoto wake ulipita Kenya na India, Mombasa na Delhi. Alisomea uchoraji wa kibiashara Kabete akafanya kazi ya matangazo Nairobi. Mwaka 1971 alikwenda Uingereza kuendelea na masomo hayo hayo, akianzia Cambridge. Huko alikutana na makumbusho yenye vitu vya kila bara, akakutana pia na udongo. Akahamia chuo cha sanaa cha Farnham, na kutoka hapo, katikati ya miaka ya 1970, akafunga safari iliyompeleka mbali na gurudumu: Abuja, Nijeria.

Abuja hiyo si mji mkuu wa sasa. Ni mji mdogo wa jirani ambao siku hizi unaitwa Suleja, ambako Mwingereza Michael Cardew alianzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Cardew alifika kufundisha gurudumu na joko la kisasa. Akamkuta Ladi Kwali, mwanamke wa Kigwari aliyekuwa tayari bingwa wa mitungi katika eneo lake, na ambaye alijiunga na kituo mwaka 1954. Ladi Kwali aliweka bonge la udongo juu ya kitu kisichozunguka, kisha yeye ndiye akazunguka, akienda kinyumenyume, mgongo umeinama, mkono ukivuta ukuta juu. Mwanamke ndiye gurudumu. Odundo aliketi kwa wanawake hao, Ladi Kwali na wenzake, akajifunza. Baadaye alipita pia Kenya kuwatazama wafinyanzi wa kwao, na alifika New Mexico, Marekani, katika kijiji cha San Ildefonso cha Wapueblo, wenyeji asilia wa huko, ambako Maria Martinez na jamaa zake walikuwa wameupa umaarufu ufinyanzi mweusi unaosuguliwa kwa jiwe. Mwaka 1982 akahitimu katika Royal College of Art, London, akiwa na namna yake ambayo hajaiacha hadi leo.

Mengine ni sifa na vyeo, nayataja kwa haraka. Alirudi Farnham kufundisha, akawa profesa, na mwaka 2018 akawa mkuu wa chuo kikuu hicho cha sanaa. Malkia alimpa nishani ya OBE mwaka 2008, na mwaka 2020 cheo cha Dame. Kazi zake ziko British Museum, London, na Metropolitan, New York; zimefika Venice katika maonyesho makubwa ya 2022, na kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi 2024 zilikuwa Toronto, kwenye makumbusho ya Gardiner. Minadani chombo chake kimoja hufika pauni laki kadhaa. Mwanangu alipoitafuta bei hiyo kwenye simu alinigeukia: "Baba, ungeendelea na udongo." Nikamwambia yeye ndiye aliyekataa kunisaidia kutwanga vigae vya kuchanganya kwenye udongo.

Lakini Wakefield haikuwa na vyungu vya Odundo peke yake, na hapa ndipo maonyesho yalipokuwa na akili kuliko mengi niliyowahi kuyaona. Aliombwa achague mwenyewe vitu vya kuwekwa pamoja na kazi zake. Akachagua vya miaka elfu tatu. Vyombo vya Misri na Ugiriki ya kale, vyungu vya Afrika, ufinyanzi wa Asia na Amerika ya Kati, vitambaa vya enzi ya malkia Elizabeth wa Kwanza, sanamu za Rodin na Degas, kazi za Hepworth mwenyewe, vikombe na vyombo vya Lucie Rie na Hans Coper, wakimbizi waliobadilisha ufinyanzi wa Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Vyote hivyo vilikaa kwenye majukwaa yaliyobuniwa na msanifu Farshid Moussavi, vikichanganyikana na vya Odundo, bila ya Afrika kupewa chumba chake cha pembeni na Ulaya chumba chake cha mbele.

Mtu wa pwani hawezi kutazama mpangilio huo bila kukumbuka kuta za kwao. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zina zidaka, vile vishubaka vilivyopangwa ukutani safu juu ya safu, na humo sahani na bakuli za China ziliwekwa zitazamwe na wageni. Makaburi yetu pia. Ukienda Tongoni, kusini kidogo mwa mji wa Tanga, utakuta nguzo za makaburi zenye mashimo ya duara. Bakuli zilizopachikwa humo zimeng'olewa zamani, lakini mashimo yanaonyesha zilipokaa. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, ni habari hiyo hiyo. Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi Tongoni na kuwaambia kwamba hili ndilo jumba lenu la kwanza la sanaa.

Ila tulikuwa na upendeleo. Bakuli la ng'ambo lilipanda ukutani, chungu cha hapa kikabaki jikoni. Wachimbaji wa mambo ya kale wakifukua miji yetu ya zamani, sehemu kubwa kabisa ya vigae wanavyookota ni vya vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa. Vya China na Uajemi ni vichache mno mbele yake. Vya karne ya 7 hadi ya 10 vina mistari ya pembetatu iliyokwaruzwa mabegani, na mtindo huo umeonekana kutoka visiwa vya Lamu hadi Msumbiji. Mtu aliyetaka chungu cha kuchemshia maji tu hana sababu ya kukaa chini akwaruze pembetatu. Alikuwa anatazama alichokifanya, na alitaka jirani naye atazame. Uzuri ulikuwapo, kilichokosekana ni kidaka.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoandika kwamba Odundo "amekipandisha" chungu kikawa sanaa. Chungu hakikuwa chini. Alichofanya yeye ni kukinyima kazi. Kile kinachopikiwa tunakitazama kwa njaa: kimeiva? kinavuja? kinashika moto? Chake hakina cha kuiva ndani yake, kwa hiyo unabaki na shingo, bega, tumbo na mdomo, na unalazimika kuvitazama. Nadhani pia ndiyo sababu kazi nyingi hazipi majina. Ukiziita Mama, Malkia, Mjamzito, umemaliza kazi ya mtazamaji kabla hajaingia mlangoni.

Vilevile sipendi mabishano ya kama yeye ni msanii wa Kiafrika au wa Kiingereza. Wenye mabishano hayo wangetazama tu majukwaa yale ya Wakefield. Mtu aliyelelewa Mombasa na Delhi, akafunzwa na Ladi Kwali, akaishi Farnham, hana haja ya kuchagua upande ili kumridhisha anayeandika kibao.

Si kila kitu kilinivutia. Kulikuwa na kazi ya kioo, Transition II, aliyoifanya pamoja na mafundi wa kioo wa Sunderland: vipande 1,001 vilivyopulizwa kwa mdomo na kuning'inizwa, umbo lao likitokana na pambo la sikio la Misri ya kale. Nilipita. Kioo kinaonyesha kila kitu mara moja, nami nilikuja kwa ajili ya vitu vinavyoficha ndani yao. Mjukuu wangu lakini alikataa kuondoka hapo, hata tukamwacha na mama yake. Kila mtu na riziki yake.

Kazi yake moja ya miaka ya karibuni ningependa kuitaja ingawa imekwenda njia nyingine kabisa. Mwaka 2024 alionyesha katika jumba la Houghton, Norfolk, kasri lililojengwa kwa ajili ya Robert Walpole, anayehesabiwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza. Kati ya mapambo yale ya dhahabu aliweka vyombo vyake, na pamoja navyo kazi ndefu ya ghorofa aliyoifanya na kiwanda cha Wedgwood, kile chenye vyombo maarufu vyenye picha zilizochomoza. Hapa Odundo, ambaye miaka yote hakuweka picha kwenye udongo, ameziweka: zinagusa historia ya utumwa. Na kiwanda chenyewe kina sehemu yake katika historia hiyo, kwa kuwa mwaka 1787 Josiah Wedgwood alitoa kidani cha mtumwa aliyepiga magoti akiomba atambuliwe kuwa mtu na ndugu, kikavaliwa na waliopinga biashara ile. Mimi ningali nikipenda vyombo vyake visivyo na picha. Lakini mwanamke wa miaka zaidi ya 70 anayebadili mkono wake mbele za watu anastahili kutazamwa kwa makini.

Kuna jambo jingine la majina, si ya kazi bali ya wafinyanzi wenyewe, lililonikaa kichwani kuliko yote. Katika makumbusho mengi ya dunia, kikombe cha mfinyanzi wa Ulaya kina kibao chenye jina lake, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Chungu cha Afrika kilicho karibu yake kina jina la kabila, labda na la Mzungu aliyekichukua, aliyekifinyanga hajulikani. Si kwamba hakuwa na jina. Aliyekichukua hakuuliza. Ladi Kwali ni miongoni mwa wachache waliovuka, na Nijeria imemweka pamoja na mtungi wake nyuma ya noti ya naira 20, ambayo muuza karanga wa Suleja anaishika kila siku. Odundo amevuka kwa sababu alijua mapema kwamba jina litakwenda na chombo.

Wafinyanzi wetu bado wapo. Wapo upande wa Upare, wapo Ikombe kwenye Ziwa Nyasa ambako wanawake wa Kikisi wanapeleka vyungu mnadani kwa mitumbwi, wapo Nyanza ya Kenya, wapo Pemba. Sufuria na ndoo ya plastiki vimewapunguza soko, na sitamlaumu mama aliyechoka kubeba mtungi mzito. Bibi yule wa Korogwe amefariki. Kikapu chake alimwachia binti yake, ambaye anafinyanga msimu wa kiangazi tu, wateja wakipatikana. Shule niliyofundisha haina tena joko. Matofali yake yalijenga kibanda cha mlinzi.

Kwa hiyo nina ombi kwa anayesoma haya, awe Tanga, Kisumu au Toronto. Ukinunua chungu, usimwulize mama bei tu. Mwulize jina lake, kijiji chake, na udongo anauchimba wapi. Kigeuze, uyaandike hayo kwenye kitako kwa penseli, pamoja na mwaka. Penseli hushika vizuri kwenye udongo uliochomwa usio na rangi ya kioo. Kama ni cha kupikia, andika daftarini, maana masizi yatayafunika.